Fainali ya Amaan: Simba kubaki 10 mbele ya Berkane, kocha angepanga vipi?

#1 Mtoto wa Raha Leo
Assalaam aleykum wadau. Nimeirudia mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, pale uwanja wa Amaan, Zanzibar, 25 Mei 2025, na kuna swali sijaona likijibiwa sawasawa. Kule kwao tulifungwa 2-0. Pale Amaan, Mutale wetu akafunga dakika ya 17, kwa hiyo lilibaki bao moja tu kusawazisha jumla. Dakika ya 50 Kagoma, kiungo wetu mkabaji, akala kadi nyekundu. Kutoka hapo hadi Sidibé wa Berkane anasawazisha kwenye dakika za nyongeza kuna dakika 40 na ushei za watu 10.

Siulizi kama Fadlu Davids, aliyekuwa kocha wetu, ni kocha mzuri au mbaya. Nauliza hivi: uko pungufu, unataka bao moja, na huruhusiwi kufungwa hata moja. Unapanga vipi? Dai langu: jibu ni 4-3-2 (mabeki wanne, viungo watatu, wawili mbele), na inaanza dakika ya 51. Wanaopinga waje na sababu.

#2 Kijani wa Mpendae
Wa aleykum salaam. Yakhe, mechi ile haikufia Amaan. Ilifia Berkane, dakika ya 8 na ya 14. Ukishachapwa mbili ugenini ndani ya robo saa, nyumbani unakwenda kulipa deni tu. Timu inayokwenda Morocco kucheza fainali huanza na mabeki walioshuka, viungo wawili wamesimama mbele yao, na mabeki wa pembeni hawavuki mstari wa kati mpaka dakika 20 zipite salama. Makosa yatafutwe kwenye kikosi cha mechi ya kwanza.

#3 Fundi wa Kikwajuni
@Kijani hoja ipo, lakini mleta uzi kauliza kingine. Turudi kwenye watu 10.

4-3-2 ni tamu ubaoni. Uwanja una upana wa mita 68. Viungo watatu wakiachana mita 12 hivi wanaziba kama mita 35, tuseme 40 wakijitutumua. Zilizobaki ni za adui. Berkane wanauchezea kulia, watatu wako wanasogea huko. Mpira unarudi kwa beki wa kati, anapiga pasi moja ndefu upande wa pili, beki wao wa kushoto anapokea hana mtu. Nani anamtokea? Beki wako wa kulia. Akitoka, mgongoni kwake kuna uwazi na winga wao keshaingia. Beki wako wa kati analazimika kwenda kuziba, na ndani ya boksi mnabaki wawili kwa wawili. Hivyo ndivyo 4-3-2 inavyofunguliwa.

Halafu wale watatu wanakimbia kazi ya wanne. Robo saa wataiweza. Dakika 40 watakufa, na wakichoka hutaona wakipumzika, utaona tu wanaanza kufika kwenye mpira nusu hatua nyuma. Hapo ndipo faulo za hovyo zinapozaliwa.

Mie ni 4-4-1.

#4 Mtoto wa Raha Leo
@Fundi sawa, sasa nijibu na wewe. Kwenye 4-4-1 mshambuliaji wako yuko peke yake na mabeki wa kati wawili, na mbele yao kiungo wao mmoja. Kila mpira unaompigia unarudi baada ya sekunde tatu. Ukirudi, wewe unakaba tena. Utafunga saa ngapi?

Na Ahoua unamweka wapi? Mfungaji bora wa ligi msimu ule, mabao 16, akiwa kiungo. Kwenye 4-4-1 anakwenda pembeni kumfukuza beki. Umempoteza mtu wako bora kwa mikono yako mwenyewe.

#5 Bint Vuga
Nyote mnazungumza kama umbo ni moja hadi mwisho. Dakika 40 zinagawika.

Dakika ya 50 hadi ya 62 hivi: 4-4-1 ya kutuliza. Timu iliyompoteza mtu sasa hivi huwa imevurugika, na aliyebaki na watu 11 anakuja kwa pupa. Kazi hapo ni kukaa na mpira kila unapopatikana: kurusha taratibu, kipa kuanzia miguuni, faulo kupigwa fupi.

Kuanzia hapo hadi dakika ya 75: 4-3-2, lakini Ahoua awe mmoja wa wale wawili wa mbele, si kwenye watatu. Anasimama kwenye kivuli cha kiungo wao mkabaji ili kila wakitaka kupitishia katikati wamkute.

Robo saa ya mwisho: unamtoa beki mmoja wa pembeni, unakwenda 3-3-3. Wanaobaki nyuma ni watatu, na lazima mmoja awe na mbio.

Jambo ambalo watu husahau ni madirisha ya kubadilisha. Wachezaji 5 unao, lakini unasimamisha mchezo mara 3 tu, mapumziko hayahesabiwi. Kadi imekuja dakika ya 50, kwa hiyo nafasi ya bure ya mapumziko imeshapita. Ukitumia dirisha moja papo hapo kuziba pengo la kiungo, umebakiwa na mawili kwa dakika 40. Ndiyo maana napenda kwanza mtu ashuke kutoka mbele azibe kwa dakika kumi, halafu unaingiza wawili kwa mpigo.

#6 Simba wa Jang'ombe
Bi Vuga umepanga vizuri, lakini 3-3-3 kuanzia dakika ya 75 ni kuchelewa. Tulikuwa na haja ya bao, tungefunguka tangu dakika ya 60. Hata tukifungwa moja si neno, tungepata 3-1 tukaenda penalti.

#7 Maalim Kanuni
@Simba wa Jang'ombe hapana. Michuano ya klabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika, inahesabu bao la ugenini: jumla ikilingana, mwenye mengi ya ugenini ndiye mshindi. Jumla ikiwa 3-3, Berkane ana bao Amaan, sisi hatuna bao kwao. Kombe lao. Wakishafunga moja Amaan, lazima ushinde 4-1. Yaani kutoka 1-0, ukiruhusu moja unahitaji matatu mengine, ukiwa na watu 10.

Msimu ule ule kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Sundowns na Al Ahly walitoka 0-0 Afrika Kusini na 1-1 Misri, Sundowns wakapita. Na fainali ya 2023, USM Alger alishinda 2-1 Dar, Yanga akashinda 1-0 Algiers, kombe likabaki Algeria.

#8 Simba wa Jang'ombe
Maalim ahsante. Kijani wa Mpendae hiyo ya 2023 umeisoma? 😂

#9 Kijani wa Mpendae
Nimeisoma. Ile sisi Yanga tulishinda Algiers, ugenini, kwenye fainali. Nyinyi mmeshinda wapi fainali, hata mechi moja ya mbili?

#10 Maalim Kanuni
Niongezee. Mwaka uliofuata, 2024, Berkane wenyewe waliumia kwa hilo hilo. Walimfunga Zamalek 2-1 kwao, wakafungwa 1-0 Cairo, wakakosa kombe. Klabu iliyonyang'anywa kombe kwa bao moja la ugenini inajua thamani ya kutoruhusu bao nyumbani. Ndiyo maana 2-0 ya 2025 ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana. Ingekuwa 2-1, bao la Mutale peke yake lingetosha.

Kwa hiyo @Kijani yuko karibu na ukweli kwenye #2, ila mimi siweki uzito kwenye mabao mawili tuliyofungwa. Nauweka kwenye bao ambalo hatukufunga kule. Baada ya dakika ya 14 zilibaki dakika 76. Swali la upangaji ni: ukiwa nyuma 2-0 ugenini, unabadili mapema utafute bao moja, au unajilinda isije kuwa 3-0?

#11 Fundi wa Kikwajuni
Hapo Maalim umeweka kidole panapouma. Na kocha alijua mazingira. Fadlu alikuwa msaidizi wa Josef Zinnbauer pale Raja, msimu wa 2023/24 waliotwaa ubingwa wa Morocco bila kufungwa. Berkane si timu aliyoisoma kwenye karatasi.

#12 Chake Namba Sita
Mnarukia umbo la timu, kadi yenyewe hamuijadili. Mkabaji wa katikati mwenye njano anacheza mchezo mwingine kabisa, na ni kazi ya benchi kumwandaa.

Kwanza, anabadilishana na mwenzake. Mnapocheza na viungo wawili wa chini, mmoja anatoka kumzonga mwenye mpira, mwingine anabaki kuziba. Aliyekwisha kupata njano ndiye anabaki. Hatoki tena.

Pili, hakabi kwa nyuma. Adui akipokea amempa mgongo, anasimama mita moja na nusu, mwili upande, mguu wa mbele umeziba njia ya katikati. Anamwachia njia ya pembeni. Hanyoshi mguu. Kazi yake ni kumchelewesha mpaka wenzake warudi, basi.

Tatu, mpira ukipotea mbele na kaunta imeanza, faulo ya kuvunja shambulizi inafanywa na mtu ambaye hana kadi. Hii inasemwa kwa majina kabla ya kutoka vyumbani: "Fulani ana njano, kaunta ikija ni wewe."

Kubaki 10 hakutokani na bahati mbaya. Kunatokana na nafasi ambazo timu iliacha wakati inashambulia. Mkabaji akikuta uwazi wa mita 20 mbele yake na mtu anakuja kwa kasi, ama ampitishe ama amkamate.

#13 Mtoto wa Raha Leo
@Chake hiyo ya mwisho ndiyo naitaka. Tatizo ni nani aliacha ule uwazi. Kwenye 4-2-3-1, mabeki wawili wa pembeni wakipanda pamoja na kiungo mmoja akaenda kusaidia, mnabaki watatu nyuma na mwenye njano yumo. Ndiyo maana nasema kosa la upangaji linaanzia kabla ya kadi.

#14 Simba wa Jang'ombe
Haya ya kumwandaa ni maneno. Kiungo mwenye njano kwenye fainali unamtoa. Wapo watu benchi.

#15 Chake Namba Sita
@Simba wa Jang'ombe ukimtoa kila mwenye njano, fainali utaimaliza na kikosi cha pili. Unamtoa anayekaba kwa hasira. Anayejua kusimama, mwache.

#16 Bint Vuga
Na usisahau nini unakipoteza ukimtoa. Mkabaji mzuri anashinda mipira ya pili. Mechi ya kufukuza mabao ni ya mipira ya pili: unapiga mbele, wanaruka kichwa, unadondoka kati ya mita 8 na 12 kutoka pale. Aliyesimama hapo ndiye mwenye mpira. Ukimwingiza fundi wa pasi ambaye hapendi kugombania, umeongeza ufundi na umepoteza mpira.

#17 Mpemba wa Konde
Salaam. Hamjagusa kona na faulo, na kwa timu yenye watu 10 hapo ndipo bao lilipo. Ukiwa pungufu kwenye mchezo wa kawaida unaonekana. Kwenye kona hauonekani sana, maana adui naye anarudisha watu wote kukaba.

Hesabu ya kona kwa watu 10: kipa mmoja, wawili nyuma kwenye mstari wa kati, mpigaji mmoja, mmoja nje ya boksi kuokota unaotoka, watano ndani. Jumla 10. Wale watano wasisimame mstari mmoja. Mmoja mbele ya kipa kumziba, wawili wanakimbilia nguzo ya karibu, mmoja penalti, mmoja nguzo ya mbali anachelewa kuingia. Mpira wa nguzo ya karibu ndio wenye faida kwa timu pungufu, kwa sababu ukiguswa kidogo tu unabadilika njia, na ukiokolewa mara nyingi unatoka nje tena kuwa kona. Unaopigwa nguzo ya mbali ukikosa, kipa anaudaka na kaunta imeanza hapo hapo na wewe una watu wawili nyuma.

Makosa ninayoyaona kwenye timu zetu nyingi, hata huku ligi ya Pemba: mabeki wa kati wote wawili wanapanda na wanaobaki nyuma ni mabeki wa pembeni wafupi. Mpira wa juu ukirudi hakuna wa kuupiga kichwa. Acha beki wa kati mmoja nyuma kila mara, hata kama ndiye mpiga vichwa wako bora.

#18 Fundi wa Kikwajuni
Mpemba umenena. Na Simba walikuwa na mguu wa kupiga hiyo mipira. Nusu fainali na Stellenbosch, Amaan hapo hapo, 1-0, bao la Ahoua la faulo. Ukiwa na mpigaji wa namna hiyo, mpango wa watu 10 ni kutafuta faulo mita 20 hadi 25 kutoka golini. Unampa mpira winga mwenye chenga, anaingia ndani, anaangushwa.

#19 Kijani wa Mpendae
Suala la uwanja hamlisemi? Mechi ilihamishwa kutoka uwanja wa Mkapa, Dar, kwa sababu ya hali ya uwanja. Mkapa wanaingia watu 60,000, Amaan 15,000. Robo fainali Al Masry wa Misri alikuja Mkapa na 2-0 yake mkairudisha. Angekuja Amaan sijui.

#20 Mtoto wa Raha Leo
@Kijani hapo sikubaliani hata kidogo. Stellenbosch alifungwa Amaan. Watu 15,000 wa Amaan wako karibu na mstari, kelele inaingia uwanjani. Na kipimo cha uwanja wa kimataifa ni kile kile. Msitupie lawama Zanzibar kwa bao ambalo halikufungwa.

#21 Maalim Kanuni
Mfano wa Al Masry lakini tuuchunguze, maana unasaidia swali. Mabao yote mawili, la Mpanzu na la Mukwala, yalipatikana kabla ya mapumziko. Baada ya hapo Simba hakuwa na haja ya kukimbilia, akaibana mechi hadi penalti, akashinda 4-1. Na Berkane tulipata la kwanza mapema vile vile. Tofauti ni la pili. Kutoka dakika ya 17 hadi mapumziko ni karibu nusu saa ya watu 11 kwa 11, adui ametikisika. Kama mnatafuta dakika za kumhoji kocha, mie nachagua hizo kuliko zile 40 za upungufu.

#22 Fundi wa Kikwajuni
Maalim, hata timu ikiwa moto unahitaji njia ya kuifungua ngome iliyoshuka. Berkane ya kocha Chaâbani inaongoza 2-1 jumla, haina sababu ya kutoka. Mabeki wanne wamebana boksi, mbele yao wanne au watano, na kati ya mistari miwili hakuna mita 10. Ukipita katikati unagonga ukuta. Krosi za juu mabeki wao wanazila.

Kinachofungua ni uchochoro kati ya beki wao wa pembeni na beki wa kati. Winga wako anakaa kwenye chaki kabisa, anamvuta beki wa pembeni. Kiungo wako mmoja anakimbia mle ndani kwenye uchochoro bila mpira. Kiungo wao akimfuata, katikati pameachwa, Ahoua anapokea akiwa ameelekea goli. Asipomfuata, mkimbiaji anapewa mpira na anarudisha pasi ya chini kwenye alama ya penalti. Hiyo inataka mtu wa sita mbele, na ndiyo maana viungo wawili wa chini nyumbani, ukiwa nyuma kwa jumla, ni mmoja zaidi.

#23 Chake Namba Sita
Na ukimtoa huyo mmoja, kaunta ya kwanza unakula bao la ugenini, halafu Maalim anatuletea hesabu yake ya 4-1. Fundi hapo unasahau Lamlioui, mshambuliaji wao.

#24 Bint Vuga
Lamlioui huyo huyo ndiye aliyetutoa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Robo fainali, Mkapa, Agosti 2025, Tanzania 0, Morocco 1, bao lake.

#25 Simba wa Jang'ombe
Na bao la Mukwala lililokataliwa? Mnajadili mita na uchochoro, bao lilifungwa na VAR, waamuzi wa video, ikalifuta kwa kuotea. Lile lingehesabiwa tungekuwa 2-2 jumla na watu 10, na uzi huu ungekuwa wa kumsifu kocha yule yule.

#26 Maalim Kanuni
Kuotea ni kuotea hata kwa ncha ya kiatu. Kinachohesabiwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu, mikono haimo. Na kipimo ni pale mguu wa mpiga pasi unapougusa mpira kwanza, si pale unapoondoka. Watazamaji wengi huangalia picha ya mpira ukiwa tayari njiani, ndipo wanaona mtu "yuko sawa" au "kaotea sana".

#27 Mpemba wa Konde
Lakini hilo nalo ni la mazoezini, si la VAR peke yake. Mshambuliaji anayekimbia moja kwa moja kuelekea golini akiwa bega kwa bega na beki ataotea mara nyingi, kwa kuwa anamsubiri mpigaji na mpigaji anamsubiri yeye. Anatakiwa akimbie kwanza sambamba na mstari wa mabeki, akitokea mgongoni kwa beki wa kati, halafu akate kwenda mbele pale mpiga pasi anapoinamisha kichwa kupiga. Akikunja mbio hivyo anapata nusu sekunde ya kusubiri bila kusimama. Na mwenye mpira asiguse mara tatu. Kila mguso wa ziada unamweka mwenzake kwenye kuotea.

#28 Kijani wa Mpendae
@Simba wa Jang'ombe kwa hiyo sasa ni VAR. Mlianza na kadi, mkaja na uwanja, sasa VAR.

#29 Simba wa Jang'ombe
Uwanja uliuleta wewe #19. Soma uzi wako kabla hujaandika.

#30 Mtoto wa Raha Leo
Tutulie. Wa uwanja nataka kuwaongezea kitu. Amaan hapo hapo, 12 Agosti 2025, Sudan ya Kwesi Appiah ilimfunga Nigeria 4-0 CHAN. Sudan haikuwa timu ya kumiliki sana. Ilibana, ikasubiri, ikachomoka kwa kasi. Kwangu huo ni ushahidi kuwa timu inaweza kuwaachia wenzake mpira na bado ikafunga mabao. Kwa nini watu 10 wasiige?

#31 Fundi wa Kikwajuni
Kwa sababu Sudan walikuwa 11 na Nigeria alihitaji ushindi, kwa hiyo alitoka. Kaunta inataka adui aliyetoka. Berkane alikuwa na kombe mkononi, angetoka kwenda wapi? Ungempa mpira angekaa nao nyuma mpaka saa ya mwamuzi iishe.

Mfano wa karibu zaidi wa Amaan ni fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2024. Mlandege 1, Simba 0. Hapo timu ndogo ilipata bao moja, ikajifungia, na Simba akiwa na watu 11 akashindwa kufungua. Ugonjwa ni ule ule wa kufungua ngome, ila Januari ile Fadlu hakuwa amefika bado. Kwa hiyo labda si kocha.

#32 Kijani wa Mpendae
Mlandege oyeee! Mabingwa wa Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Hii ndiyo hoja bora ya uzi mzima.

#33 Chake Namba Sita
Mapinduzi ya 2025 yalikuja kwetu Gombani, Pemba, timu za taifa, Zanzibar Heroes wakamfunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Mkitaka somo la kikosi kidogo kinachojua kusimama, itafuteni mechi ile. Kocha ni Hemed Suleiman Morocco.

#34 Mpemba wa Konde
Na kocha Morocco huyo huyo 2017 aliipeleka Heroes fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, Machakos, Kenya. Tulimtoa Uganda nusu fainali, tukawa nyuma mara mbili kwa Kenya na tukarudi mara mbili, 2-2, tukatoka kwa penalti 3-2. Jumla tulipiga tano, zikaingia mbili. Mimi kila nikisikia "tungefika penalti" naiuliza timu: orodha ya wapigaji imeandikwa lini? Ikiandikwa wakati watu wamelala kwenye nyasi wanapakwa mafuta, atakayenyosha mkono ni yule asiyeogopa, na huyo si lazima awe ndiye anayejua. Inaandikwa siku moja kabla, majina manane, na kila anayetolewa uwanjani jina lake linakatwa pale pale.

#35 Bint Vuga
Hilo linarudi kwenye mabadiliko. Kila ukimwingiza mtu dakika ya 75, umemtoa mpigaji penalti wa orodha? Mwenye kufukuza sare ya jumla lazima aangalie hilo. Ahoua hatoki hata akichoka. Unamsogeza mbele kabisa apumzike akiwa kule.

#36 Maalim Kanuni
Kuhusu bao la Sidibé, nasoma watu humu na nje wanalihesabu kama kosa la mwisho la kocha. Mimi silioni hivyo. Dakika ya 90 na kitu, una bao moja la kutafuta, unapeleka watu wote. Ukifungwa hapo hujapoteza kitu ambacho hukuwa umeshapoteza.

#37 Fundi wa Kikwajuni
Napinga. Hata ukipeleka wote, wawili nyuma na kipa mita 25 mbele ya goli lake ni lazima, maana shambulizi moja la kupoteza linakula dakika nzima: mpira wavuni, washangilie, uanzishwe tena kati. Kwenye dakika chache za nyongeza hiyo dakika ilikuwa inatosha kona mbili.

#38 Mtoto wa Raha Leo
Nashukuru wote. Nimewasoma, na 4-3-2 sijaiacha, ila ya Bint Vuga ya Ahoua kusimama kwenye kivuli cha mkabaji wao naichukua. Kwa 4-4-1 ya Fundi bado sijapata jibu la nani anampokea mshambuliaji mpira ukirudi.

#39 Fundi wa Kikwajuni
Winga wa upande ambao mpira haupo. Adui akianza kupiga pembeni kulia, winga wako wa upande wa pili anaingia ndani hadi usawa wa duara la kati. Mkiupokonya, yeye ndiye wa karibu na mshambuliaji, mita 10 hivi. Pasi ya kwanza kwake, si kwa mshambuliaji.

#40 Chake Namba Sita
Na wakibadili upande wakati winga kaingia ndani? Beki wako peke yake na watu wawili. Umerudi kwenye tatizo lako la #3.

#41 Fundi wa Kikwajuni
Ndiyo, ila kwangu linatokea upande mmoja, kwa mleta uzi linatokea pande zote mbili. Nitachora nilete.